Filamu ya Tumbo la Kaka Laurent

Bunia, kartie Bigo,
Jumatatu, tarehe 16 Septemba 2024.

Mpendwa Yaya Anastasie,

Pokea salamu zetu zote za huku Ituri, za wakubwa na za wadogo. Naomba karatasi hii ikukute ukiwa muzima, presha imeshuka, na shemeki Christian bado anapigana na televisheni yake. Je, ile kikohozi ya mwezi wa sita iliisha? Siye huku tunapumua. Mvua imeanza kwa nguvu, barabara ya sokoni imekuwa uji, lakini mahindi yanafurahi. Miye mwenyewe mwili ni muzima. Dhamiri ndiyo inaniuma, na kwa hiyo sina kidonge.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu wakati simu iko. Yaya, kwa simu unanikatia maneno. Nikikutumia sauti, unasikiliza dakika ya kwanza na unajibu dakika ileile. Barua haikatwi. Roger, fundi wa friji, anapanda ndege Jumatano kuja Kinshasa kutafuta vipuri, naye atakuwekea mkononi. Nimemuomba asiondoke kwako kabla hujafika ukurasa wa mwisho. Umpe chai, anapenda sukari nyingi.

Habari ni ya ndugu yetu Laurent na mke wake Honorine, ambaye siye wote tulimtoa nyumbani mwezi wa saba kwa sababu eti anamulisha sumu. Nimekaa na jambo hili siku nane. Ukimaliza kusoma, nataka uamue kama yule mama atarudi kwa heshima, ao atabaki chini ya turubai na jina tulilomupa.

Ngoja niweke mambo kwa mustari, kwa sababu uko mbali na kila mtu alikupigia simu na hadithi yake.

Unakumbuka namna ilianza. Mwaka jana kaka alianza kuchoka. Yeye aliyekuwa anatembea na ng'ombe tangu hapa mpaka nusu ya njia ya Kpandroma, akawa anapumzika mara mbili kati ya kitanda na choo. Macho ndani yake yakawa meupe kama karatasi. Choo yake nyeusi kama lami ya barabara, ile lami tunayoahidiwa. Hospitali walipima damu wakakuta tano, wakati mwanaume wa kimo chake anatakiwa kuwa na kumi na tatu hivi. Wakamutia damu ya watu. Akapona wiki sita, akaanguka tena. Wakamutia tena. Mara tatu, Yaya. Ilikuwa kama kumwaga maji ndani ya ndoo yenye tundu, na hakuna anayeona tundu.

Si kwamba hawakutafuta. Walimuingizia mupira wenye kamera kupitia kinywa: tumbo safi. Wakamuingizia mwingine kupitia kule ambako muzee hapendi nitaje: safi. Kaka akaniambia, "Fiacre, wamepitia mlango wa mbele na mlango wa nyuma, na mwizi bado iko ndani ya nyumba." Alikuwa anacheka, mkono umeshika ukuta asianguke.

Na dokta asipoona kitu, unajua watu wa kwetu. Kitu kisichoonekana kina jina moja tu.

Basi tukafanya kile kikao cha mwezi wa saba. Baba wadogo wawili walikuwa kwenye kanape, miye kwenye kiti cha plastiki, Honorine kwenye mukeka karibu na mlango. Simu yangu ilikuwa katikati ya meza, sauti ya nje imefunguliwa, na ndani yake weye kutoka Kinshasa. Sitaki kukukumbusha maneno yako yote. Ulisema jambo hili ulishalisema toka siku ya harusi. Ulisema mutu wa kule Djugu, na vita hii yote iliyopita kati ya watu wetu na watu wake, anawezaje kupika chakula ya muzee wetu na tukalala. Ulisema atoke jikoni, na atoke nyumbani, mpaka ukweli ujulikane.

Kisha ukaniita miye. "Fiacre, weye unayesoma, hiyo si alama ya sumu?"

Yaya, miye sijafika hata mwaka wa pili wa sekondari, hilo unalijua kuliko watu wa Bigo. Lakini nina kabati ya vitabu nilivyookota, na hakuna karatasi ya dawa imepita mkononi mwangu bila kusomwa, na watu wananiita dokta, kwa kucheka kwanza, kisha bila kucheka. Wote waligeuka kuniangalia. Nikakohoa kidogo. Nikasema, "Alama zinafanana." Maneno mawili. Nilipenda namna yalivyosikika.

Honorine hakulia. Alisimama, akakunja mukeka, akamuangalia kaka. Kaka aliangalia chini. Akaenda kwa mama yake, kwenye kambi ya watu waliokimbia vita, maana nyumba yao ya kule ilichomwa na hawana pengine. Miaka makumi mbili na sita ya ndoa ikatoka na fuko moja ya nguo.

Plamedie, mtoto wa baba mdogo, akachukua jiko. Alipika wiki sita. Na wiki hizo sita kaka aliendelea kutoka damu vilevile, choo nyeusi vilevile. Hakuna aliyeitisha kikao juu ya Plamedie.

Sasa sikia. Mwanzo wa mwezi huu alipita hapa dokta mmoja wa matumbo, dokta Katsuva, mutu wa kule Butembo aliyesoma mbali. Ni mwembamba, hana haraka, anasikiliza mpaka mwisho kama mutu asiye na simu. Alikuwa ameleta kitu ambacho hapa hatukuwa tumeona. Ni kidonge, ukubwa wa haragwe kubwa kabisa. Ndani mna kamera na taa. Unameza kwa maji. Kinatembea chenyewe kufuata njia ya chakula, na kila sekunde kinapiga picha mbili ao zaidi. Unafungwa mkanda kiunoni wenye nyuzi, na kisanduku chenye taa ya bluu kinachopokea picha kutoka ndani. Jioni unarudisha kisanduku, kidonge chenyewe kitatoka siku yake na njia yake.

Alitueleza hivi: mupira wa juu unafika mwisho wa tumbo, mupira wa chini unafika mwisho wa utumbo mkubwa. Katikati kuna utumbo mdogo, metre kama sita, umejikunja, na mipira ile haifiki. "Mmetafuta kwenye veranda mbili," akasema. "Nyumba yenyewe hamjaingia."

Alikuwa amebakiza kidonge kimoja. Kimoja tu, Yaya. Vingine alishawapa watu huko alikopita. Akasema: mukanda usitolewe kwa saa nane hata kwa dakika moja. Ukitolewa, picha za wakati ule zimepotea, na pengine ndizo zenye tundu.

Walimsimamishia dawa ya chuma aliyokuwa anakunywa kuongeza damu, siku kadhaa mbele, maana inapaka kila kitu rangi nyeusi. Jana yake hakula, akanywa maji ya kumwosha mpaka akatukana. Asubuhi saa mbili, tarehe tano, akakimeza. Plamedie ndiye alimushikia glasi. Kaka alikishika kwanza kwenye vidole, kikawa kinawaka-waka kama kimulimuli. Akaniambia, "Hii jicho itaona hata zambi zangu?" Nikamujibu zile zinakaa juu zaidi. Akameza.

Pale kwenye geti la hospitali, upande wa nje, kulikuwa mama mmoja amekaa juu ya jiwe tangu mapambazuko, kitambaa kimefunika kichwa. Nilijifanya sikumuona. Kaka naye alijifanya. Siye watu wa familia hii, kwa kujifanya tuko na diplome.

Sasa nikuambie ujinga wetu, maana ni wetu kabisa. Dokta alisema anaweza kutembea, kutembea ni vizuri. Alimaanisha kwenye uwanja wa hospitali. Lakini saa sita muchungaji wa ng'ombe akapiga simu kwamba ile ng'ombe nyekundu inazaa na mutoto amekaa vibaya. Unamjua Laurent. Damu yake ni sita, hana nguvu ya kufunga kiatu, lakini ng'ombe ikizaa vibaya anakuwa jenerali. "Dokta alisema nitembee," akasema. Na miye, badala ya kukataa, nikaita moto mbili, zile pikipiki za kubeba watu. Ile karatasi ya dokta yenye muhuri, inayoeleza kisanduku ni nini, niliiweka mfukoni mwangu kwa sababu miye ndiye ninayesoma.

Ng'ombe ilizaa salama kabla hatujafika. Ilituangalia kama watu waliochelewa kwenye matanga.

Kurudi ndipo tulikutana na barrière. Wakati wa kwenda hakukuwa na kitu pale. Saa tisa kulikuwa kamba, askari watano, na watu wameshuka kwenye pikipiki wanapita kwa miguu, mikono wazi. Weye uko Kinshasa, pengine umesahau utawala wa kijeshi huku unafananaje, na ni mara ngapi tumesikia kwamba bomu imelipuka fasi fulani. Kaka akatangulia. Upepo ukainua shati yake. Nyuzi nje, kisanduku nje, taa ya bluu inawaka, inazima, inawaka.

Askari mmoja kijana akapiga kelele ambayo bado iko masikioni mwangu. "Eza nini wana? Nini iko kwa mukanda? Simama! Kila mutu nyuma!" Bunduki ikapanda. Wenye moto wakaanguka kwenye mutaro. Wamama wakatupa mabeseni. Kaka akasimama katikati ya barabara peke yake, mikono juu, na shati ikabaki imeinuka.

Na miye, Yaya, miye niliyejua vizuri kisanduku kile ni nini, kuliko mutu yeyote pale, nilirudi nyuma pamoja na wengine metre makumi mbili. Karatasi ya dokta ilikuwa mfukoni mwangu, na mfuko ulikuwa umerudi nyuma pamoja nami.

"Toa!" askari akasema. "Toa hiyo kitu polepole, weka chini!"

Kaka akasema, "Chef, siwezi kutoa. Ni ya tumbo."

"Tumbo gani? Toa, ao napiga!"

Nikaona mikono ya kaka inaanza kushuka kuelekea kifungo cha mukanda. Ilibaki saa moja. Kidonge kilikuwa mahali fulani ndani ya zile metre sita, na mikono inashuka.

Hapo ndipo mama wa kitambaa alipita pembeni yangu. Kumbe pale getini alikuwa ameuliza wauguzi kila kitu, kisha akatufuata kwa moto ya nyuma, kwa mbali, kama alivyotakiwa kukaa mbali. Alipita kamba kama mutu anayeingia kwake. Akaenda moja kwa moja kwa bwana yake, akasimama mbele yake, mgongo kwa kaka, uso kwa bunduki.

"Mama, zonga sima!" Rudi nyuma, ndivyo askari alivyopiga kelele, na sauti yake ilikuwa imepasuka, naye aliogopa.

Honorine akasema, bila kupandisha sauti: "Mwanangu, sirudi. Huyu ni bwana yangu. Iko mugonjwa, hiyo ni mashine ya hospitali, inatafuta fasi damu inatokea. Ikitolewa, hatutajua tena. Kama ni bomu, ilipuke na miye niko hapa. Kama si bomu, muache."

Kisha akageuza kichwa kidogo tu, na akasema neno la kwanza kwangu tangu mwezi wa saba. "Shemeki Fiacre. Leta karatasi."

Nilitembea zile metre makumi mbili. Sijatembea njia ndefu kama ile, hata mwaka ule tulipotoka Niania kwa miguu. Mukubwa wao akafika, akasoma, akapiga namba iliyo kwenye muhuri. Tulisikia dokta Katsuva upande wa pili, bila haraka kama kawaida: "Ndiyo, mon commandant. Ni kamera. Ndiyo, ameimeza. Hapana, haiwezi kukupiga picha weye, iko inaangalia utumbo." Mukubwa akachungulia kile kisanduku. Akamuangalia kaka toka juu mpaka chini. "Muzee," akasema, "weye unatembea na sinema ndani ya tumbo, na hujalipisha mutu tiketi?" Askari wakacheka, wale wa mutaroni wakacheka, na miye nikacheka kwa sauti kuliko wote, kama watu wote wa namna yangu.

Honorine hakucheka. Alipanga nyuzi vizuri chini ya shati ya bwana yake, akafunga vifungo viwili, akarudi mbali kama metre makumi tatu. Hapo akasimama akingoja sisi tutangulie. Kaka alitaka kumuita. Hakuita. Alikuwa bado chini ya amri ya kikao chetu.

Dokta aliangalia zile picha siku mbili. Alisema ni zaidi ya elfu makumi tano. Siku ya tatu akatuita, kaka na miye, akageuza kompyuta tuone. Yaya, nimeona ndani ya ndugu yetu. Ni kama barabara ya msituni wakati wa mvua, nyekundu na yenye maji, inapinda na kupinda. Nilikuwa nangoja kitu kibaya sana. Nilikuwa naomba kitu kibaya sana kisiwe, na nusu ya moyo, nisamehe, iliomba kiwe, ili nisiwe nimesema uongo kwenye kikao.

"Hapa," akasema. Kidonda, chenye mviringo, kama mutu amegusa kwa sigara. "Na hapa. Na hapa." Akahesabu kumi na moja. Kwenye cha tisa damu ilikuwa inatoka, ukiangalia picha moja kisha nyingine unaiona inashuka, uzi mwekundu.

Kisha akauliza swali dogo. "Muzee, kwa maumivu unakunywa dawa gani?"

Kaka akanigeukia na fahari yote ya uso wake. "Ya magoti? Huyu ndugu yangu ndiye dokta yangu. Ananipa kila siku, mbili asubuhi, mbili jioni. Magoti yalipona kabisa."

Mwaka mmoja na nusu, Yaya. Diclofenac, na wakati mwingine ibuprofène juu yake, kwa sababu niliona zote mbili zinasaidia nikafikiri pamoja zitasaidiana. Nilizitoa kwenye farmasi ya sokoni bila karatasi ya mutu yeyote. Nilikuwa nasoma notisi, ndiyo, ile ya Kifaransa yenye herufi za mchwa. Nilisoma upande wa juu: inafaa kwa nini, inakunywewa namna gani. Upande wa pili, ule wa hatari, ulikuwa umekunjwa ndani. Sikuufungua. Nilifungua jioni ile ile, nyumbani, nikasimama. Imeandikwa wazi: vidonda, kutoka damu, choo nyeusi. Choo nyeusi, kwa maneno yale yale.

Dokta hakunigombeza. Alisema inatokea kila mahali, hata kwenye miji mikubwa, dawa hizi zinachoma utumbo mdogo kimyakimya na watu wanatafuta kwingine. Alimuandikia kaka kuziacha kabisa, akamupa dawa ya chuma ya mushipa, na akasema vidonda vitafunga vyenyewe kama hatuvichokozi. Upole wake ulinichoma zaidi. Angenitukana, ningekuwa na kitu cha kujibu.

Kwa hiyo Yaya, hatukuongopa kwamba sumu ilikuwa ndani ya nyumba. Ilikuwemo. Tulikosea mkono tu. Mkono ulikuwa huu unaoandika.

Nimekuandikia hivi bila kujipaka mafuta, kwa sababu najua wa huku watakuambia kwa simu kabla, na nusu watasema miye nilitaka kurithi ng'ombe wake. Ng'ombe ni wanne. Wote wananichukia.

Sasa fika pale mambo yamekwama. Kaka alitoka kwa dokta, hakuningoja. Alipanda moto, akaenda moja kwa moja kambini kumuchukua mke wake. Honorine akamusikiliza mpaka mwisho. Akamuambia, "Nimefurahi utapona. Lakini sitaingia kwenye nyumba ambayo nilitoka mchawi." Kaka akamuambia basi siye wawili hatuingii. Akakaa. Mpaka leo yuko pale, Yaya. Ndugu yetu mwenye nyumba ya matofali Bigo, vyumba vinne na bati jipya, anaishi chini ya turubai la plastiki na mama mukwe wake, na mama yule anakoroma. Kila asubuhi anakwenda foleni ya maji na bidon ya manjano. Watu wa kambi mwanzo walimuangalia vibaya, maana wanajua siye ni watu gani. Sasa wanamuletea magonjwa ya mbuzi zao ayaangalie.

Jana nilienda baada ya misa. Nilimukuta amekaa juu ya gogo, anakula. Sombe, samaki kidogo, bugali. Mafuta yalikuwa kwenye kidevu. Wekundu umeanza kurudi ndani ya macho yake, nilimuvuta ngozi ya chini nikaona, mazoea mabaya hayafi siku moja. Aliniambia damu imefika nane. Akarudi kwenye sahani yake.

Nikapiga magoti mbele ya Honorine. Siyo kwa maonyesho, hakukuwa na mutu wa kuonyesha, na chini kulikuwa na matope. Nikamuambia yote: vidonge, upande wa pili wa karatasi, na yale maneno mawili niliyosema kwenye kikao kwa sababu yalisikika vizuri.

Alinisikiliza akipepeta mchele. Kisha akasema, "Shemeki, weye ulikosa dawa. Hiyo ni kukosa. Mutu anaweza kukosa." Akapepeta tena. "Lakini siku ile ulijua kwamba hujui. Ukasema." Akaninawisha mikono, akanipa sahani. Nilikula yote, Yaya, na kila tonge lilikuwa linashuka kama jiwe, na chakula kilikuwa kitamu sana.

Nilipoinuka kwenda, nikamuuliza tufanye nini ili arudi. Hakutaka kitenge, hakutaka mbuzi, hakutaka baba wadogo wamuombe musamaha kwa mdomo mmoja. Alisema tu: "Nilifukuzwa na watu wakisikia. Wanirudishe, watu wakisikia."

Ndiyo sababu ya barua. Kikao kitakaa Jumapili tarehe 29, saa kumi za huku. Nimewaita baba wadogo wote, na jirani mbili tatu zenye midomo mirefu, kwa makusudi. Honorine amekubali kuja mpaka kwenye mlango. Hajakubali zaidi. Miye nitasema kwanza. Nitaleta kile kipande cha notisi na nitakisoma pande zote mbili, kwa sauti, na nitatafsiri, ili kila mutu ajue ni nani alikuwa analisha nini. Hilo nitalifanya ukipiga simu ao usipopiga.

Lakini weye ndiye mukubwa wetu. Neno langu litanishusha miye, basi, halitamuinua yeye. Wote wanajua amri ya kutoka ilitoka Kinshasa. Sikuambii useme nini. Hujawahi kukosa maneno. Nakuambia tu kwamba kaka yetu amesema kama mlango haufunguki siku ile, atauza nyumba ya Bigo na kujenga kule kambini kwa miti. Simuoni anatania. Dokta anasema anahitaji kula vizuri na kulala pakavu, na mvua ndiyo inaanza.

Nisalimie shemeki Christian, umuambie ng'ombe nyekundu ilizaa dume. Nisalimie Lydie na Bruno, wasome, lakini wasome pande zote. Mama Alphonsine wa parokia anakusalimu, na Plamedie pia, ambaye amefurahi sana kuacha jiko. Kwa kaka sijui niseme anakusalimu ao hapana. Nilimuuliza, akasema, "Atanisalimu Jumapili."

Mungu aliyeilinda nyumba ya baba yetu katika miaka ile mibaya aulinde mulango wako na ulimi wako, akupe usingizi na akili ya asubuhi.

Ni miye, ndugu yako mdogo anayekupenda hata ukinikasirikia,

Fiacre